Udongo wangu unashuka na maji: nianze na matuta ya ngazi au na mbolea?

*Shikamoo mtaalamu. Ninalima mahindi na maharage kwenye ekari moja na nusu, huku milimani Lushoto. Shamba ni la mteremko mkali, tena ni la wakwe zangu. Mume wangu yuko Tanga mjini kikazi, kwa hiyo shambani ni mimi na watoto. Zamani hapa palikuwa panatoa magunia 12 ya mahindi wakati wa masika. Mwaka jana nimevuna 5. Mvua ikipiga, maji yanayotoka shambani ni mekundu kabisa. Bwana shamba ananiambia nichimbe matuta ya ngazi. Mwenye duka la pembejeo anasema shida ni mbolea, niongeze mifuko. Nguvu za kuchimba sina, na pesa za mifuko sina. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa, wa bandani. Masika yanakaribia. Nianze na kipi?*

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi ni hili: ngazi ziache, na mifuko ya mbolea usiiongeze kwanza. Anza na mistari ya guatemala (majani marefu ya malisho ya ng'ombe) kwenye kontua, yaani mstari unaokata mteremko kwa usawa bila kupanda wala kushuka, badilisha unavyolivuta jembe, na hakikisha mvua za kwanza hazikuti udongo ukiwa uchi. Haya matatu mikono yako inayaweza. Na huyo ng'ombe mmoja uliyemtaja mwishoni mwishoni ndiye atakayekulipa kazi hii mapema, kabla mahindi hayajaanza kukulipa.

Sasa nieleze kwa nini, maana utaulizwa nyumbani na itabidi uwe na majibu.

Tuhesabu kwanza hayo maji mekundu yanabeba nini. Udongo wa unene wa milimita 1 tu, kwenye ekari moja, una uzito wa tani 5 na kidogo. Milimita 1 huioni. Huwezi kujua imeondoka mpaka siku mawe yanapoanza kuchungulia na mizizi ya mahindi inaning'inia nje. Tuseme udongo wako wa juu bado una naitrojeni asilimia 0.2, basi tani hizo 5 zimekwenda na kilo 10 za naitrojeni. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23. Ni kweli mahindi yasingeweza kuinywa naitrojeni yote hiyo kwa msimu mmoja, kwa sababu sehemu kubwa imefungwa ndani ya mboji na hutoka polepole mwaka hadi mwaka. Lakini hiyo ndiyo akiba ya shamba. Na maji huchukua kwanza kilicho chepesi, yaani mboji na chembe laini, halafu yanakuachia changarawe.

Kwa hiyo mwenye duka amesema kweli, ila nusu. Shamba lako lina njaa. Lakini ukimwaga mbolea juu ya udongo unaotembea, mbolea nayo inatembea, na mwenye kufaidi ni aliye bondeni.

Uharibifu wenyewe huanza kabla maji hayajaanza kutiririka. Tone kubwa la mvua hutua kwa kasi ya mita 8 hadi 9 kwa sekunde. Likikuta udongo uko wazi, linaupasua, chembe laini zinaruka na kuziba vitundu vya juu, na baada ya dakika chache uso wa shamba unakuwa kama umesakafiwa. Hapo maji hayana pa kuingilia tena, yanateremka. Tone hilohilo likikuta bua, jani au tandazo la magugu yaliyong'olewa, nguvu zake zinaishia hapo na maji yanaingia ardhini taratibu.

Kama kuna asiyeamini nyumbani, mfanyie jaribio uani. Tafuta madumu mawili ya plastiki ya lita 5, yalaze chali na ukate ubavu wa juu yawe kama vihori. Yajaze udongo wa shambani kwako, usawa mmoja. Yainamishe kidogo kwa kuweka jiwe upande wa nyuma, midomo itazame chini, na kila mdomo uwekee glasi. Udongo wa dumu moja uache wazi. Wa pili ufunike kwa vipande vya mabua na majani makavu. Kisha chukua kopo ulilotoboa matundu mengi kwa msumari, unyunyizie maji sawasawa kote kuwili. Glasi ya kwanza itajaa upesi, nyekundu kama ile unayoiona shambani. Ya pili itachelewa, itapata maji machache, na utaweza kuona vidole vyako upande wa pili. Nimeona wazee waliokuwa wamekunja uso tangu asubuhi wakiinama kuchungulia glasi hizo wenyewe, bila kuambiwa.

Tuje kwenye jembe, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka utulie nami. Jambo hili halisemwi vya kutosha kwa wakulima wa milimani. Angalia mnavyolima: mlimaji anasimama chini, uso ameuelekeza mlimani, anapiga jembe mbele yake na kulivuta kuja miguuni. Kila pigo limeshusha udongo kidogo, na hakuna hata tone la mvua lililoanguka. Kulima masika, kulima vuli, palizi mbili kila msimu, na shamba ni la babu. Sehemu ya juu lazima ibaki ngumu na nyekundu, na sehemu ya chini ijae udongo mweusi. Nenda kaangalie shamba lako kwa jicho hilo. Nina hakika mahindi ya robo ya juu ndiyo mafupi na ya njano, na yaliyo karibu na mpaka wa chini bado yana afya. Mvua ina sehemu yake, jembe nalo lina sehemu kubwa.

Kwa hiyo badilisha msimamo. Simama ubavu, mlima uwe kushoto au kulia kwako, ulime ukitembea kwa kukata mteremko, na udongo uvute pembeni, usiuvute chini. Siku mbili za mwanzo mgongo utalalamika kwa sababu haujazoea. Tena si lazima ulime shamba zima. Chimba mistari ya kupandia tu, katikati ya mistari acha udongo kama ulivyo na uukwangue magugu juu juu. Utapunguza kazi karibu nusu, na udongo usiopinduliwa haubebeki kirahisi. Magugu unayong'oa usiyarundike pembeni kuyachoma. Yalaze kwa mstari mnene unaokata mteremko, kila baada ya mistari mitano sita ya mahindi. Mistari hiyo ya takataka inaoza na kwisha ndani ya msimu, lakini miezi ile mibaya ya Machi na Aprili itakuwa imekufaa. Wamatengo wa Mbinga wamejengea kilimo chao kizima juu ya jambo linalofanana na hili: wanafyeka majani, wanayapanga miraba miraba kwenye mteremko, wanayafukia kwa udongo wa katikati na kubakiza shimo. Ndizo ngoro. Wanapokezana humo mahindi na maharage, kwenye miteremko mikali kama yenu.

Sasa kuhusu ngazi. Bwana shamba hajakudanganya kwamba zinazuia udongo. Nadhani anaziona kwa walima mboga, wenye kabichi, karoti na nyanya, walio na mfereji wa kumwagilia. Huyo akichimba ngazi, mboga za miezi mitatu zinarudisha gharama. Mahindi hayawezi kulipa deni la namna hiyo. Pia ngazi ikichimbwa kwa haraka, udongo mzuri wa juu unafukiwa na ule wa chini usio na mboji ndio unaokaa juu, na mavuno ya mwaka wa kwanza na wa pili yanashuka zaidi. Ukiona mtu anachimba ngazi bila kuutenga kwanza udongo wa juu na kuurudisha mwisho, mwambie asimame. Si hatari ya kubuni. Mwaka 1955 Waluguru wa milima ya Morogoro walifika hatua ya kufanya ghasia dhidi ya ngazi walizolazimishwa na serikali ya kikoloni, na mojawapo ya sababu ilikuwa hiyohiyo: walichimba kwa jasho, wakavuna pungufu.

Kwenu Usambara historia ni ya namna hiyo. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango wa Bonde la Mlalo, baadaye wakaupanua, watu wakalazimishwa kupiga matuta mashambani. Watu waliuchukia na ukaachwa miaka ya 1950 haijaisha. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja mradi wa kuzuia mmomonyoko ulioitwa SECAP, kwa msaada wa Ujerumani, uliohimiza mistari ya guatemala kwenye kontua pamoja na ng'ombe wa bandani. Mistari hiyo ungali unaiona leo kwenye mashamba mengi, na kuna ambayo imeshajenga ngazi za asili zenye kimo cha mtoto. Tofauti naiona ni moja. Tuta lililolazimishwa halikumpa mama mwenye jembe kitu chochote msimu ule. Mstari wa guatemala ulimpa mzigo wa majani ya ng'ombe karibu na nyumba.

Na makinga maji ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kurusha udongo juu? Ni mazuri, huko Machakos, Kenya, yameokoa mashamba mengi. Ila tufanye hesabu ya nguvu zako. Mtaro wa sentimita 60 kwa 60 ni mita za ujazo 0.36 kwa kila mita ya urefu. Ekari moja na nusu yenye mteremko wa asilimia 30 ingehitaji mistari ya jumla ya mita 640 hivi. Hiyo ni mita za ujazo 230 za udongo. Mtu mwenye nguvu akichimba mita za ujazo 2 hadi 3 kwa siku, ni kazi ya siku 80 hadi 115. Wewe peke yako, na watoto wako shule? Hapana. Isitoshe, kwenye mteremko mkali wenye mvua nyingi, mtaro unaotuamisha maji unaweza kuulainisha mlima hadi ukaporomoka. Kinachokufaa ni mtaro mmoja tu, na huo nitauelezea hapa chini.

Mvua kubwa ya kwanza ikija, jifunike, panda hadi mpaka wa juu wa shamba lako, usimame uangalie maji yanaingilia wapi. Mara nyingi utagundua kwamba zaidi ya nusu ya maji yanayokuharibia si ya shamba lako. Yanatoka kwenye njia ya miguu, kwenye mabati ya nyumba iliyo juu, au kwenye shamba la jirani. Kama ni hivyo, mistari yako yote itabomolewa hadi utakapokinga maji hayo juu kabisa kwa mtaro wenye mwinamo mdogo sana, unaoyapeleka taratibu mahali penye majani mengi au kwenye mkondo wa asili. Hapa panahitaji watu kadhaa kwa siku moja, kwa hiyo zungumza na walio juu yako na walio pembeni, mpokezane kazi au mwombe msaragambo. Nakusihi tu usiyaelekeze maji kwenye shamba la aliye chini yako. Korongo likishafunguka kwake, mtagombana, na baada ya miaka michache litakuwa limepanda kurudi kwako.

Sasa mistari yenyewe. Pima mteremko kwanza. Chukua fito ya mita 2, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, ilaze sawa hewani (chupa ya maji yaliyojaa nusu ukiilaza juu yake itakuonyesha usawa), kisha pima kutoka ncha ya pili kwenda chini ardhini. Ukipata sentimita 60, gawa kwa 2: mteremko ni asilimia 30. Kwa asilimia 30 mistari iachane kama mita 9 hadi 10. Kwa asilimia 15, kama mita 11 hadi 12.

Halafu tengeneza fremu A, kifaa cha kukutafutia kontua. Miti miwili iliyonyooka ya mita 2 na kidogo, ifunge juu, miguu iachane mita 2, katikati funga mti wa kukingama, na kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha miguu juu ya mambo mbili (vigingi vya mti), weka alama pale kamba inapogusa mti wa kukingama. Geuza fremu, mguu wa kulia ukae palipokuwa pa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa, pachonge kwa kisu. Ukishaipata fremu, mtoto wa darasa la tano anaweza kukusaidia: mguu mmoja unabaki, wa mbele unausogeza juu au chini hadi kamba itulie kwenye alama, unapiga mambo, unasonga mbele. Ukimaliza, rudi nyuma uangalie mstari mzima. Mambo moja ikiwa imejitenga sana na wenzake, isogeze kidogo ili mstari uende kwa ulaini na jembe lipate njia.

Panda guatemala mvua zikishashika, wiki ileile ya kupanda mahindi. Tumia vipande vya shina vyenye vifundo viwili vitatu au vishina vyenye mizizi, safu mbili, sentimita 30 kutoka shina hadi shina, na safu ya pili ipishane na ya kwanza ili kusiwe na mwanya. Mstari wa mita 60 unataka vipande 400 hivi. Ndiyo sababu nakuambia usijaribu shamba zima masika haya. Panda mistari mitatu, wa kwanza ukiwa juu kabisa na miwili inayoufuata. Omba mbegu kwa jirani mwenye nayo. Mwakani mistari yako mwenyewe itakupa vipande vya mistari mingine.

Nikuambie na hasara zake, usije ukazigundua mwenyewe ukakata tamaa. Mistari ikikamilika itakula karibu sehemu moja ya kumi ya shamba. Safu ya mahindi inayopakana na majani itadumaa kwa sababu ya kugombea maji na chakula, kwa hiyo acha nafasi ya kama nusu mita, na kila msimu pitisha jembe hapo ukate mizizi inayotambaa. Na udongo utakapoanza kujikusanya nyuma ya majani, kila kipande cha shamba kati ya mstari na mstari kitakuwa na sehemu mbili: ya chini nene na yenye rutuba, ya juu nyembamba. Samadi yako yote ipeleke kwenye sehemu hiyo ya juu, mara tu unapovuka mstari wa majani. Wengi humwaga samadi sawasawa kote, na nusu yake inakwenda kwa udongo ambao tayari umeshiba.

Hapo ndipo ng'ombe anapoingia. Najua mabua yako yanakwenda wapi: yanafungwa mizigo na kupelekwa bandani. Sikulaumu, mwezi wa Agosti na Septemba ng'ombe lazima ale. Lakini bua la mahindi lina lishe ndogo kwa ng'ombe wa maziwa, na shambani lina kazi kubwa. Guatemala ikishakomaa, miezi 4 hadi 6 tangu uipande, ikate umlishe, na mabua uyalaze shambani kwa kukata mteremko. Usiikate chini kabisa. Acha kisiki cha shibiri moja, la sivyo inachoka na kufa, na mapengo yanatokea. Mwaka wa kwanza majani hayatatosha, kwa hiyo gawana naye: mpe nusu ya juu ya mabua, yenye majani mengi, na nusu ya chini, ngumu, ibaki shambani. Mabaki anayoyakataa horini yatoe yaende kwenye shimo la mboji pamoja na samadi, yafunike yasinyeshewe wala kupigwa jua.

Samadi usiinyunyize. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000. Ukiweka robo kilo tu kila shimo, ni zaidi ya tani 2 za kubeba kichwani. Kwa hiyo usijipe mzigo wa shamba zima. Gawa shamba sehemu tatu, kila msimu sehemu moja ipate sawasawa, ukianzia juu.

Kwenye maharage huna shida, endelea kuyachanganya na mahindi. Shida ni kwamba yanakomaa mapema, yanang'olewa, na ardhi inabaki wazi wakati mvua bado zipo. Mahindi yakifika magotini, tia mbegu za maboga hapa na pale katikati ya mistari. Yatatambaa yafunike ardhi, nawe utachuma majani ya mboga wiki hadi wiki. Fiwi nazo zinavumilia baridi ya milimani, zinaendelea kufunika baada ya mahindi kuvunwa, na zinaliwa. Mbaazi nisingekushauri kama uko juu sana, zinachelewa mno kwenye baridi.

Mbolea ya dukani sasa. Fedha ya mfuko mmoja ikipatikana, itumie kwa kipimo. Kifuniko kimoja cha soda kinachukua gramu 5 hivi. Ukiweka kimoja kila shimo, mfuko wa kilo 50 unatosha ekari nzima. Ya kupandia iweke ndani ya shimo, ifunike na udongo kidogo ndipo uweke mbegu, zisigusane. Yurea ya kukuzia ifukie kando ya shina udongo ukiwa na unyevu. Ikiachwa juu, nyingine inapotea hewani na nyingine inateremka na mvua ya jioni. Udongo mwekundu wa milima yenye mvua nyingi huwa na uchachu, na uchachu huifunga fosforasi mahindi yasiipate, ndiyo yale majani ya zambarau unayoyaona mimea ikiwa michanga. Kama kwako ni hivyo, mbolea ya fosfati ya Minjingu inafaa, kwa sababu udongo wenye uchachu ndio unaoiyeyusha vizuri. Ila usinunue kwa kukisia. Chota udongo sehemu 10 hadi 15 kwa kuzungukazunguka shambani, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi, nusu kilo yake uifunge na kuipeleka ipimwe. Kituo cha utafiti wa udongo cha TARI Mlingano kiko mkoani kwenu, Muheza. Muulize bwana shamba akusaidie kuipeleka. Hiyo ni kazi ambayo ataifanya vizuri kuliko kukusimamia uchimbe ngazi. Sehemu ya juu ya shamba na ya chini zichukulie sampuli mbili tofauti.

Kuna jambo umelitaja kwa neno moja tu, kwamba shamba ni la wakwe. Usilipuuze. Mstari wa mimea vijijini watu huusoma kama mpaka, na mti uliopandwa husomwa kama madai ya ardhi. Ukianza na grivilea, hata kwa nia njema, unaweza kuulizwa maswali usiyoyategemea. Majani yana usalama zaidi, lakini hata hayo usiyapande kimyakimya. Mwombe baba mkwe awepo siku ya kupiga mambo, ashike fremu kama ana nguvu, na mumeo azungumze naye kwa simu kabla ya siku hiyo. Mama mkwe mwonyeshe jaribio la madumu. Wakikubali wao, hata jirani wa juu atasikiliza habari ya mtaro. Na huko mbele, mumeo akirithishwa, hakikisheni hati ya hakimiliki ya kimila inaandikwa majina yenu wote wawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu.

Usitegemee gunia la ziada kutoka kwenye mistari ya majani masika haya. Ongezeko la mwaka huu, likiwepo, litatokana na samadi na mbolea uliyoifukia shimoni pamoja na unyevu uliobaki chini ya mabua. Mistari yenyewe mwaka wa kwanza itakupa majani ya ng'ombe na maji yasiyokuwa mekundu sana. Udongo utaanza kujaa nyuma yake mwaka wa pili na wa tatu, na ile robo ya juu ya shamba ndiyo itakayochelewa kuliko zote.

Kabla mvua hazijaanza, basi, pima mteremko, piga mambo na uzungumze na watu. Mvua zikianza, panda majani na mahindi pamoja. Wakati wa palizi pitia kila mstari kwa miguu utafute mapengo, kwa sababu maji hukusanyika yote pale penye mwanya wa shina moja lililokufa na kupasua njia hapo. Kwa muda ziba kwa mabua au mawe, na vuli ikianza pandikiza mashina mapya.